Goti la Ushuhuda

Kwa miaka mingi, aliyetaka kumjua Winga ilimbidi amvizie Jumapili alasiri, akienda kumwona mama yake kule Shard End, pembezoni mwa Birmingham. Aliegesha gari karibu na maduka, kwa sababu mtaa wa mama haukosi kujaa magari, kisha akashika njia akichechemea. Alipita duka la kuku wa kukaanga akichechemea. Alipita ghorofa za mwanzo akichechemea, mkono ukigusagusa ukuta. Alipofika kona ambayo dirisha la mama linaanza kuonekana, alisimama, akavuta pumzi, akanyoosha mguu. Hatua zilizobaki alizitembea wima na taratibu, kifua mbele, na majirani waliomwona walisema anaringa. Mmoja aliniambia kwamba kijana yule anatembea utadhani mbunge. Nilinyamaza, kwa sababu siri haikuwa yangu.

Sasa wenye siri wameambiana wenyewe, nami sioni sababu ya kuendelea kunyamaza.

Kila mtu wetu hapa Birmingham anamwita Winga, hata watoto ambao hawajawahi kumwona na mpira. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sina haja nalo. Alicheza mpira wa kulipwa misimu miwili na kipande, katika daraja la nne la ligi za Uingereza, klabu ya mji mdogo ulio kaskazini yetu, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Alicheza pembeni kushoto. Kisha ikaisha, na jina likabaki linamfuata kila aendako. Wapo wanaolitamka kwa heshima. Wengi wanalitamka kwa ule utani wa watu waliofurahi kidogo kwamba mwenzao hakufika.

Mimi ni dereva wa teksi, Msomali niliyekulia Nairobi na kupitia Uholanzi kabla ya kutua hapa. Kabla sijamjua Winga nilimjua mama yake. Nilitumwa kumchukua Jumamosi moja, nikamsikia kwenye simu anamfokea mtu kwa Kiswahili cha Kivu, nikacheka, naye akanigeukia na kuniuliza kwa nini sikusema mapema kwamba mimi ni mtu. Alikuwa anakwenda uwanjani kumwona mwanawe. Kanisani kwao wenye magari walikuwa wachache, na Jumamosi walikuwa kazini. Basi nikawa dereva wake wa Jumamosi, na kwa kuwa siwezi kukaa ndani ya gari huku mpira unachezwa nyuma ya ukuta, nikawa naingia naye. Aliniita Papa Sumaya, kwa jina la binti yangu. Winga aliniita Grand, ndivyo Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa.

Mama alikuwa na neno moja tu la uwanjani. "Kimbiya!" Alilitoa tumboni, si kooni. Karibu yetu walikaa wazee wa Kizungu wenye blanketi magotini na chai kwenye chupa. Msimu haukuisha kabla nao hawajaanza kupiga kelele "Kimbiya!" kila kijana wetu alipopata mpira, bila hata mmoja wao kuuliza maana yake. Sijawahi kuipenda Uingereza kama nilivyoipenda katika jukwaa lile lenye baridi.

Nitasema jinsi alivyocheza, kwa sababu katika watu wetu hakuna mwingine atakayesema. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama kidogo, soksi zimeshuka. Mpira ukimfikia hakuwa na haraka. Alimngoja beki. Alimngoja mpaka beki mwenyewe aone haya kusimama pale bila kufanya kitu, na beki alipotia mguu Winga alikuwa ameshapita, upande wa mstari, mahali ambapo ungeapa hapapiti mtu. Siku moja ya mvua alimpita beki yuleyule mara tatu kwenye kipande kilekile cha nyasi, na mara ya tatu beki akacheka mwenyewe, akampiga kofi la kirafiki mgongoni. Vijana wa kasi wako wengi. Mwenye subira katikati ya kasi nimemwona huyo tu. Wakati ule klabu mbili za daraja la juu zilikuwa zinatuma watu wao kumtazama, na kila aliyekaa jukwaani alilijua hilo.

Leo anafundisha watu kuendesha magari. Wanafunzi wake ni akina mama wa Kikongo na wa Kisomali, na siku hizi watoto wao waliozaliwa hapa. Anawachukua Acocks Green, anawazungusha mitaa ya nyuma mpaka wapoe, halafu ndipo anawatoa barabara kubwa. Hapandishi sauti. Binti yangu alijifunza kwake, na nilipomuuliza kwa Kiswahili kama mwalimu ni mkali, alinijibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham: "He never shouts, Dad. He just goes quiet, and it's worse." Anachowaambia wote ni maneno yaleyale. "Usiangalie gari, angalia nafasi." Akina mama wanayarudia jikoni bila kujua yalikotoka. Ni maneno ya winga.

Anafundisha gari la otomatiki peke yake, lisilo na klachi, na kwa hilo pia walimcheka. Mwanamume mzima, mchezaji wa zamani, hawezi gia? Alikuwa akijibu kwamba gia ni za wazee. Ukweli ni kwamba goti lake la kushoto haliwezi kukanyaga klachi mchana kutwa. Alikubali kuchekwa kuliko kulitaja goti, na watu walipozoea kumcheka hawakuuliza tena.

Ni mtu wa kupingana na nafsi yake. Redio ya gari ikifika kwenye habari za michezo anaizima. Ukimuuliza nani kashinda jana anasema hajui, hafuatilii. Lakini Jumapili moja asubuhi nilimkuta kwenye kiwanja cha Kingstanding, amesimama nyuma ya goli la timu za mtaani, mikono mfukoni, akiguna kila winga alipoutoa mpira mapema mno. Aliponiona alisema anamngoja mwanafunzi. Tulisimama pale hadi mapumziko na mwanafunzi hakutokea, wala hakuna aliyemtaja tena.

Ana ulimi, ingawa hautumii sana. Zamani kidogo, kwenye harusi, mzee mmoja alimketisha kando amfariji, akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Winga alimsikiliza hadi mwisho, akamwongeza soda, akasema, "Mzee, anayesema hivyo hajawahi kuwa koleo." Kisha ngoma ikapigwa, watu wakajipanga kwa mstari kuingia wakicheza nyuma ya bibi harusi, naye akabaki kitini. Wakasema tena anaringa.

Na walisema mengine. Walisema aliharibiwa na wanawake. Walisema ni pombe, wakati mtu huyu hajawahi kuonja kitu kikali kuliko Fanta. Walisema alilewa sifa, akawa anachelewa mazoezini, klabu ikamchoka. Walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na methali hiyo ilipomfikia mama ilimchoma kuliko mwanawe. Iliniudhi. Bado inaniudhi. Nilikuwa nikimwuliza kwa nini hajitetei, naye anasema watu wasipomsema yeye watamsema mtu mwingine.

Kanisani hakukosa. Kanisa lao lilikuwa Kingstanding, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa baa, na yeye alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mikono magotini. Mchungaji alipenda kuwaonya vijana kwa mfano wa kijana mmoja, hamtaji jina, ambaye Mungu alimpa miguu na tena akamponya mguu, na bado akaitupa neema kwa uzembe. Kila kichwa ukumbini kilijua ni nani. Yeye alikuwa anaitikia Amina pamoja na wengine. Mama alinisimulia haya akidhani ananisimulia unyenyekevu wa mwanawe.

Kiangazi kimoja kanisa lilipanga safari ya baharini na mimi nikaendesha basi dogo. Kulikuwa na jua ambalo hapa ni la kuwaandikia barua watu wa nyumbani. Wazee kwa vijana walikunja suruali wakaingia majini, mchungaji mwenyewe akaonyesha miguu yake myembamba tukacheka. Winga alikaa juu ya taulo na jinzi nzito na viatu mpaka jioni. Mama akamwita mara mbili aje alowanishe hata vidole. Akasema ana mafua.

Basi goti. Aliumia mwezi wa pili, kwenye uwanja uliokuwa tope tupu. Mguu ulibaki ardhini na mwili ukageuka. Daktari wa timu alimpeleka kupigwa picha, akamwambia kano moja ndani ya goti imechanika nusu, inatakiwa kupasuliwa, kisha miezi mingi ya kupumzika. Mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi hichohicho. Alikwenda nyumbani akamwambia mama. Mama akasema hakuna kisu kitakachogusa mguu ule, akalipeleka jambo kanisani. Walifunga siku tatu. Jumapili walimweka mbele, wakamimina mafuta juu ya goti, wakaomba mpaka sauti zikakauka, na mchungaji akamwambia simama, kimbia.

Akakimbia. Hili nililiona kwa macho yangu, kwa sababu nilimleta mama na akakataa nibaki nje kwenye baridi. Alikimbia kutoka madhabahuni mpaka mlangoni na kurudi, akakimbia tena, watu wanalia, viti vinaanguka. Uvimbe ulikuwa umeshuka kwa kupumzika, nami naamini pia furaha inaficha maumivu. Mama akashika maikrofoni akatoa ushuhuda. Akasema madaktari wa Wazungu walitaka kumkata mwanawe, na Mungu akasema hapana. Mtu alirekodi kwa simu. Wiki haikwisha video ikawa Bukavu, Nairobi, Paris, Kanada, kila mahali walipo watu wao, na salamu za pongezi zikawa zinarudi usiku na mchana.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwacheka watu wa kanisa. Sisi Waislamu pia tuna yetu. Nimeona watu wetu wakinywa maji yaliyosomewa huku dawa za hospitali zimekaa kwenye droo. Kuomba si kosa. Kosa, kwa maoni yangu, ni kutangaza kwamba umeshajibiwa, kwa sababu mgonjwa akiumwa tena kesho hana wa kumwambia.

Maana kesho yake liliuma. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, ameshashuhudiwa dunia nzima, atakwenda kumwambia nani? Angesema linauma, angekuwa amemwita mama yake mwongo na Mungu wake pia. Akawaambia klabu kwamba amepona na hataki kupasuliwa. Daktari wa timu alikataa. Yeye akasisitiza, akaruka mbele yao, akachuchumaa mbele yao, tumboni ana vidonge vya maumivu alivyonunua mwenyewe. Timu ilikuwa inapigania isishuke daraja na haikuwa na winga mwingine. Wakamrudisha.

Mechi ya mwisho nilikuwa nimekaa na mama palepale petu. Alipata mpira karibu na mstari, akamngoja beki, beki akatia mguu, akampita. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa peke yake na nyasi zote mbele yake, wazee wameshaanza "Kimbiya," na akaanguka kama nguo inavyoanguka kutoka kwenye kamba. Mama akanishika mkono akasema amesukumwa. Nikasema ndiyo. Njia nzima ya kurudi aliendelea kusema amesukumwa, refa hakuona.

Alipasuliwa mara mbili, na mama hakuambiwa hata mara moja. Mara zote mbili alimwambia yuko kambini na timu. Kiangazi klabu ikamwacha. Akarudi Birmingham akamwambia mama maneno aliyoyapanga barabarani: goti ni zima kabisa, mama, ni mimi, nilichelewa mazoezi, nilikosa adabu, wamenifukuza. Mama akalia siku nzima, na Jumapili akasimama tena mbele ya watu kuomba wamwombee mwanawe aliyepotea. Alimsamehe hadharani kwa kosa ambalo hakulitenda, na watu wakamsifu mama kwa moyo wake.

Haya yote Winga aliniambia miaka mingi baadaye, gari lake limeharibika nami nimempa lifti. Nilimwona anavyoupandisha mguu kwa mikono miwili ili aingie, nikamuuliza. Alisema yote bila kunitazama. Nikamwambia alipaswa kuwaambia ukweli Jumatatu ileile lilipouma, kabla hajaurudia mpira. Akajibu kitu ambacho sikukitarajia. "Grand, shida si kwamba nilidanganya. Shida ni kwamba ile siku niliamini. Mimi mwenyewe nilijisikia nimepona." Kisha akaniomba nimteremshe kabla ya kona, anyooshe mguu.

Mwaka jana mama akaugua. Ulikuwa uvimbe ndani ya utumbo. Daktari mpasuaji, mwanamke mpole mwenye miwani, alisema umeonekana mapema. Ukikatwa sasa, mama ataishi. Ukiachwa, hataishi. Hospitali ilimpa mkalimani kwa simu, mtu wa Kiswahili safi cha redio, na mama akasema haelewi hata neno moja la bwana yule na anamtaka mwanawe atafsiri. Alinitaka mimi pia, kwa kuwa niliwaleta na kwa kuwa, alisema, chumba kinahitaji mtu wa nje.

Daktari alimaliza kueleza, Winga akatafsiri vizuri, hakuruka kitu. Mama akamjibu akimtazama daktari, "Mungu mwenye aliponyesha goti ya mutoto yangu, njo ataniponyesha na miye. Sitaki kisu."

Winga akamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mama anaomba muda wa kufikiri. Lakini mama ameishi Birmingham miaka ishirini na zaidi. Akamkatiza. "No. Tell her knee," akasema, na akatoa simu kwenye mkoba, akaitafuta ile video, akampa daktari. Daktari aliitazama yote kwa adabu. Kijana mwembamba anakimbia katikati ya viti, watu wanalia, anageuka, anarudi. Alipomaliza alimtazama Winga akamuuliza kama ndiye yeye, na goti liko namna gani siku hizi. Winga akasema ni yeye, na liko vizuri, asante. Nilitamani kutoka nje.

Wiki zikapita. Hospitali ilipiga simu, mama hakupokea. Mchungaji mwenyewe, nisimdhulumu, alikwenda kumwambia kwamba hata madaktari ni mikono ya Mungu. Mama akamwuliza mbona hakusema hivyo siku ile ya mafuta. Mama alianza kukonda. Gauni la kanisani likawa linaning'inia mabegani. Siku moja Winga akanipigia, akasema atamwambia mama ukweli wote, na anataka niwepo, kwa sababu akiwa peke yake atashindwa.

Tulimkuta sebuleni, amejifunika, runinga inacheza bila sauti. Winga hakuzunguka. Alikaa kwenye kiti cha mbele yake, akavua kiatu, akapandisha suruali mpaka juu ya goti. Makovu ni mawili, moja limenyooka, lingine limepinda kando, na paja la mguu ule ni jembamba kuliko lenzake. Akamwambia kwamba halikupona. Halikupona hata siku moja. Alikatwa mara mbili na hao hao madaktari, na laiti angekatwa mwanzo angekuwa amecheza. Akamwomba asilifie goti ambalo halikuponywa.

Mama alilitazama goti kwa muda. Hakulia. Alinyoosha mkono akaligusa lile kovu lililopinda, polepole, kwa kidole kimoja.

"Nayua," akasema. "Tangu zamani nayua. Miye njo nilikuwa nafua nguo zako. Niliona dawa mu mufuko. Nilikuwa nakuona ku dirisha, kabla hujafika pa kona, wakati kule miti haina majani."

Winga alishusha kichwa. Nilidhani basi, yamekwisha, sasa mama atakubali. Nikakosea kabisa. Mama akaendelea, na sauti yake haikupanda.

"Kama kisu ni muzuri kwangu leo, ilikuwa muzuri kwako ule wakati. Na njo miye nilisema hapana. Miye nilikukata miguu, mutoto yangu. Sasa niende nipone na kile kitu nilikukataza? Hapana. Haiko haki."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona Winga naye anaelewa, kwamba miaka yote hii hatukuwa tunashindana na imani. Mwanamke yule alikuwa amejihukumu zamani, peke yake, dirishani, na ugonjwa ulipokuja aliupokea kuwa ni hukumu yake imefika. Ukweli wetu tuliouleta kwa ushujaa mwingi haukumfungua. Ulimthibitishia.

Winga alikaa na mguu wake wazi. Kisha akacheka, cheko la kawaida, la mtu anayekumbuka upuuzi wa utotoni. Akamwambia, "Mama, kwani unafikiri nilikuwa nani? Hata na goti mbili nzima bangeniacha. Nilikuwa muchezaji wa kawaida. Bile habari za klabu kubwa ilikuwa maneno ya watu tu. Hukunikata kitu. Hakukuwa na kitu ya kukata."

Mama akamtazama. Alitaka kuamini na aliogopa kuamini. Winga akaongeza, "Uliza huyu Grand. Yeye anajua mupira kutupita sisi wote. Aliniona kila Jumamosi."

Mama akanigeukia. Sura yake ilikuwa imekonda sana, macho yamebaki makubwa. "Papa Sumaya," akasema, "weye ni mutu ya sala. Apa mbele ya Mungu. Mutoto yangu alikuwa namna gani?"

Nikasema, "Wallahi, mama, alikuwa wa kawaida."

Nikaongeza kwamba mbio alikuwa nazo lakini ligi ile vijana wa mbio wamejaa, kwamba krosi zake nyingi zilikwenda kwa wazee wa blanketi, kwamba angerudi tu Birmingham msimu ule au unaofuata. Nilikuwa na mengi ya kusema na yote yalitoka bila kukwama. Kiapo cha uongo katika dini yangu si mchezo, nami najua nitaulizwa. Sijuti. Mama alisikiliza, mabega yakashuka kidogo kidogo, na mwishowe akajifuta uso kwa kitambaa akasema, "Basi, bapasule."

Walimpasua, na akapona. Amerudi kunenepa, anafokea watu kwenye simu. Na kwa kuwa ni mtu asiyejua kufurahi kimyakimya, ameshawaambia kanisa zima kwamba mwanawe hakuharibiwa na pombe wala wanawake wala uzembe, alikuwa tu mchezaji wa kawaida, Papa Sumaya aliapa. Watu wamelipokea vizuri. Wanamcheka sasa bila chuki. Juzi nilimsikia kijana mmoja, ambaye hata hakuwa amezaliwa siku zile, akimwambia mwenzake kwamba Winga hakuwa na lolote. Nilikaza mikono kwenye usukani nikaendelea na safari.

Siku ile tulipotoka kwa mama tulikaa garini, injini imezimwa. Alikuwa ameshuka ngazi akichechemea, bila kujali dirisha. Nikamwambia amefanya kazi kubwa, amemwokoa mama yake. Akaitikia kwa kichwa. Watoto walikuwa wanapita kutoka shule, mmoja akiupiga mpira ukutani, na yeye akawa anaangalia upande mwingine.

"Grand," akasema.

"Naam."

"Ile wallahi umeisema haraka sana."